Nasoma sosiolojia, nataka kuhamia AI (akili mnemba) upande wa athari zake kwa jamii. Nianzie wapi?

Binti_Maswali
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa tatu sosiolojia, na tangu mwaka jana kinachoninyima usingizi ni hii akili mnemba inavyoingia kila sehemu, kwenye ajira, mikopo, hospitali mpaka mahakamani, na anayekataliwa mara nyingi hata hajui kuwa kakataliwa na mashine. Nataka mastazi yangu iwe huko. Sasa nikiangalia kozi naona za aina mbili tu, kuna za watu wa kompyuta wanaotaka uje na hesabu nzito na uwe umeshaandika programu nyingi, alafu kuna zenye jina zuri la maadili ya AI ila ukisoma mtaala wake huelewi utatoka unajua kufanya nini. Hesabu nimeiacha sekondari. Mtu kama mimi naingilia wapi? Na kuna za bure ambazo sio za kupotezeana muda?

Chaki_na_Ubao
Dada, karibu sana. Mimi nasaidia kufundisha somo hili hili chuoni kwahiyo naandika kwa kirefu kidogo, nivumilie.

Za bure anza na Elements of AI ya Chuo Kikuu cha Helsinki, ilitoka 2018, sehemu ya kwanza huandiki programu hata moja, unaelezwa mashine inajifunzaje mpaka inakuingia. Ukimaliza, chuo hicho hicho kina Ethics of AI, nayo bure. Hapo utakaa meza moja na watu wa kompyuta na mkaelewana.

Mastazi zipo zinazopokea watu wa sayansi ya jamii. Cambridge kuna Leverhulme Centre for the Future of Intelligence, kituo cha tangu 2016, wana mastazi ya maadili ya AI na jamii, unaisoma huku unafanya kazi. Edinburgh nao wanayo ya maadili ya data na AI pale Edinburgh Futures Institute. Ada na sifa za kuingia soma mwenyewe kwenye tovuti zao maana hubadilika.

Ila kubwa ninalotaka ulishike ni hili, usijione mgeni huku. 2019 ulitoka utafiti kwenye jarida la Science kuhusu mfumo uliokuwa unatumika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Mfumo haukupima ugonjwa, ulipima gharama, yaani ambaye matibabu yake yamegharimu pesa nyingi ndio anahesabiwa mgonjwa zaidi. Sasa matibabu ya wagonjwa weusi yalikuwa yanagharimu pesa kidogo kuliko ya weupe wenye hali sawa, kwahiyo mashine ikawaona wana afya nzuri. Programu yenyewe ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, kilichokosewa ni kuchukua pesa ikasimama badala ya ugonjwa. Hilo ni swali la kipimo, na nyie wa sosiolojia mnafundishwa kulihoji toka mwaka wa kwanza!!

MzeeWaData
Nakubaliana na mwalimu hapo juu ila dada hesabu usiikimbie. Mi nimetokea kompyuta na nakwambia hesabu ya kusomea mambo haya sio ile unayoiogopa, ni takwimu na uwezekano, basi.

Nikupe mfano wa kitu tulichofanya darasani. Tulipewa faili la maombi ya mikopo tukaambiwa tutengeneze modeli (programu inayojifunza kutoka kwenye data hiyo nani apewe mkopo) isiyobagua wanawake, kikundi chetu watu wanne, watatu wa kompyuta na dada mmoja wa ustawi wa jamii. Sisi watatu tukafuta safu ya jinsia tukajua kazi imeisha. Lekchara akaangalia akasema hesabuni wanaokataliwa kila upande. Tukahesabu, wanawake bado wanakataliwa zaidi. Tukakaa pale tunabadilisha hiki na kile hakuna kinachosaidia, mpaka yule dada akaweka kidole kwenye safu moja ya "miezi bila kazi" akauliza, hawa waliokaa miezi minne mitano alafu wakarudi kazi ile ile mnadhani ni akina nani? Wazazi waliojifungua. Jinsia tulikuwa tumeifuta ila imebaki pale kwa jina lingine. Sisi watatu tusingeiona hata tukikesha, lakini na yeye bila kuhesabu asingeweza kumuonyesha mtu yeyote, angebaki na hisia tu.

Angalia pia kazi ya watafiti wa AI Joy Buolamwini na Timnit Gebru ya 2018, walipima mifumo ya kutambua jinsia kwa picha ya uso. Wakagawa majibu kwa makundi, wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yakafika 34.7%, wanaume wenye ngozi nyeupe hayakuzidi 0.8%. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya na asilimia, ugumu ulikuwa kujua ugawe vipi.

Sheria_Kwanza
Naongezea kidogo tu. Ukichagua kozi angalia kama wanafundisha na watu wa sheria. Uholanzi maelfu ya wazazi walituhumiwa uongo kuwa wanaiba ruzuku ya malezi ya watoto, ndani yake kulikuwa na mfumo wa kupima hatari uliotumia uraia kama kigezo, na serikali ikajiuzulu Januari 2021. Kuna familia zilidaiwa pesa ambazo hazikuwa na uwezo wa kulipa kabisa. Ukisoma AI bila kujua mtu aliyeonewa hivyo analalamika wapi na nani analazimika kumjibu, umesoma nusu. Sheria ya AI ya Umoja wa Ulaya iliingia nguvuni Agosti 2024 na vipengele vyake vinaanza kutumika kwa awamu, ipitie hata kama huishi huko, kozi nyingi zitaizungumzia.

Binti_Maswali
Nimesoma zote mara mbili, asanteni sana jamani. Hiyo ya miezi bila kazi imenigusa mno. Elements of AI nimeshajiandikisha leo. Sasa MzeeWaData, kwenye takwimu nishike mada gani kwanza? Na Chaki, nitajuaje mtaala ni wa maana kabla sijalipa?

Chaki_na_Ubao
Nenda moja kwa moja kwenye asaimenti. Kama mwanafunzi anapewa mfumo au data halisi akague alafu aandike ripoti ya alichokuta, hiyo kozi iombe. Kama wiki zote ni kusoma orodha za kanuni na insha moja mwishoni, achana nayo. Na waandikie waratibu uulize mtu aliyetoka sayansi ya jamii anasaidiwaje upande wa programu, jibu lao lenyewe litakuonyesha.

MzeeWaData
Anza na jedwali la makosa, tuseme ya mashine inayopima nani mgonjwa. Chukua daftari chora vyumba vinne: mgonjwa kaambiwa mgonjwa, mgonjwa kaambiwa mzima, mzima kaambiwa mgonjwa, mzima kaambiwa mzima. Weka watu 100 humo ndani. Alafu chora jingine kwa wanawake peke yao na jingine wanaume, uone makosa yameangukia wapi. Ukikwama weka picha ya daftari hapa hapa tuliangalie pamoja.