Luku imepanda mpaka 170,000 kwa mwezi, AC haipoi, fundi kila akija anaongeza gesi. Naombeni ushauri

Binti_Kgb
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hapa nilipofika nimekwama. Naishi Kigamboni nyumba ya kupanga, bati juu jipsam chini. Mwezi wa kumi na moja mama yangu amekuja kutoka Songea kwa ajili ya kliniki, ana presha, na joto la huku limemshinda kabisa, usiku alikuwa anakaa kitandani anajipepea na kanga mpaka alfajiri. Nikaona bora alale na AC, ile tuliyoikuta humu ndani, 12000 BTU (ndo kipimo cha nguvu ya kupoza) ya kawaida sio inveta (ile inayojipunguza mwendo yenyewe), mwenye nyumba anasema ina kama miaka sita.

Sasa kabla mama hajaja luku yangu ilikuwa 45,000 kwa mwezi, saivi ni 170,000 na chumba chenyewe hakipoi vile. Tunaweka 16 usiku mzima, ile mashine ya nje inaunguruma kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi haizimi hata dakika moja, na ukiingia chumbani unakuta vuguvugu tu. Fundi nimemuita mara tatu toka mwezi wa kumi na mbili, akija anafunga geji anasema gesi imeisha, anaongeza, nampa 70,000, inapoa wiki mbili tatu alafu yanarudi yale yale. Juzi kaniambia kompresa (ile pampu ya gesi kwenye mashine ya nje) imechoka ninunue AC mpya.

Kumwambia mama azime siwezi, na hela ya AC mpya kwa sasa sina. Alafu mama anaoga maji ya moto asubuhi na jioni ndo mazoea ya kwao, kuna hita ya lita 50 bafuni tunaiacha inawaka saa zote, maji yetu ni ya kisima yana chumvi. Nianzie wapi jamani?

Kakaa_wa_Tbt
Pole dada. Kwa ushauri wangu hiyo ya zamani achana nayo, tafuta inveta hata kwa kulipa kidogo kidogo, mimi nilibadilisha mwaka juzi nikaona tofauti kwenye luku mwezi ule ule.

Fundi_Majokofu
Dada usinunue kitu bado, soma hii kwanza. Nimefanya kazi ya AC na majokofu miaka kumi na kitu na kilichoniuma kwenye maelezo yako ni hizo 210,000 ulizotoa kwa gesi.

Gesi ya AC haiishi kama gesi ya kupikia. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka, haiunguzwi, haitumiki. Ikipungua maana yake inavuja, sasa fundi akiongeza bila kutafuta inapovujia ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na AC yenye gesi pungufu ndo inakula umeme vibaya, kwa sababu baridi haifiki ile uliyoomba kwenye rimoti kwa hiyo kompresa haipati ruhusa ya kupumzika.

Tupige hesabu. AC ya 12000 ya kawaida inavuta kama kilowati 1.1 kompresa ikiwa inazunguka. Masaa tisa bila kuzima ni karibu yuniti 10, mara siku 30 ni yuniti 297. Kwa tarifu ya kawaida ukinunua 10,000 unapata yuniti 28 hivi, yani kila yuniti kama 356. Hapo AC peke yake ni kama 106,000. AC hiyo hiyo ikiwa nzima, chumba kimezibwa vizuri, kompresa inafanya kazi nusu ya muda tu mpaka asubuhi na hela inakuwa nusu. Kwa hiyo kwenye ile 125,000 iliyokuongezeka mwizi mkubwa tushamjua, zilizobaki ni hiyo hita.

Naomba uniangalizie vitu vinne leo mchana. Moja, fungua kifuniko cha ile ya ndani utoe filta, ni wavu wa plastiki, niambie ukoje. Mbili, ya nje, vile vibati vyembamba vya mgongoni vimekaaje. Tatu, pembeni ya mashine ya nje kuna nati mbili za shaba ambapo mabomba yanaingia, pitisha kidole uone kama kuna mafuta. Nne, kile kibandiko cha pembeni kimeandika gesi gani na gramu ngapi.

mtu_wa_watu
Ila 16 inapoza haraka jamani, mimi naweka 16 nusu saa alafu ndo napandisha.

Fundi_Majokofu
@mtu_wa_watu hapana mkuu, kwa AC isiyo inveta kompresa ina hali mbili tu, imewaka au imezima. Ukiweka 16 au 25 upepo unaotoka ni ule ule, tofauti ni inazima lini. Chumba chini ya bati Dar mwezi wa pili hakifiki 16, ndo maana ya huyu dada haizimi. Weka 25 au 26.

Bi_Mvita
Mwanangu pole, na mama mpe pole zake. Mimi niko Mombasa hapa Nyali, stima yetu pia ni ya tokeni kwa hivyo hayo machungu nayajua. Wacha nikwambie adui wetu sisi watu wa pwani ni munyu. Ule upepo wa bahari wabeba munyu hukaa kwenye vile vibati vya nje, vibati ni aluminiamu bomba ni shaba, munyu ukikutana na hivyo viwili vibati huliwa vikawa unga mweupe, ukivigusa vyabomoka kama biskuti. AC yangu ya kwanza iliisha hivyo kwa miaka minne. Hii ya sasa nauosha mgongo wake kila mwezi, nazima breka kwanza, kisha maji ya mpira polepole, si ile mashine ya presha ya kuoshea magari maana hukunja vibati vyote na upepo haupiti tena. Na tafadhali usioshe na hayo maji ya kisima, utakuwa waongeza munyu juu ya munyu. Tafuta maji matamu, hata ya mvua.

Binti_Kgb
Asante sana Bi Mvita, na fundi Mungu akubariki. Nimetoka kuangalia saivi.

Filta sikujua hata kama inatoka, toka tumehamia haijawahi kutolewa. Imejaa vumbi limeshikana kama kitambaa cha sufi, nikaibandua ikatoka kipande kizima, huwezi kuona upande wa pili. Mgongo wa ile ya nje una unga mweupe kama alivyosema bibi na nusu ya chini imeziba na majani makavu na manyoya ya kuku wa jirani. Nati ile ndogo iko kavu, ile kubwa ina mafuta mafuta na vumbi limegandia limekuwa jeusi kama tope. Nimeweka povu la sabuni kama nilivyoona fundi wa mtungi wa gesi anavyofanya, likawa linatoa mapovu madogo madogo yanapasuka taratibu. Kibandiko kinasema R410A, kilo 0.98.

Alafu kingine, lile tundu ukutani bomba linapopita halijazibwa, mkono unaingia, mijusi ndo njia yao. Na madirisha ni yale ya vioo vya kupangana, hayafungi vizuri.

Fundi_Majokofu
Basi dada jibu umeshalipata mwenyewe kwa povu. Hiyo nati kubwa ndo inavuja. Gesi inatembea na mafuta ya kompresa ndani, kwa hiyo inapovujia gesi mafuta yanabaki pale yanashika vumbi. Fundi yeyote aliyefunga geji mara tatu, geji inafungwa pale pale sentimita chache kutoka kwenye hiyo nati, alitakiwa aione.

Tafuta fundi mwingine, na kabla hajaanza muulize hivi: una pampu ya vakyumu? una mizani? Akisema hana, mwambie asante. Kazi yenyewe ni hii. Gesi iliyobaki ivutwe kwenye mtungi isiachiwe hewani, R410A kilo moja inapasha dunia joto kuliko kilo 2,000 za hewa ya ukaa na mafundi wetu wanaimwaga tu kama upepo wa tairi. Nati ifunguliwe, mdomo wa bomba ukatwe utanuliwe upya kama tarumbeta, ufungwe. Apige vakyumu angalau nusu saa kutoa hewa na unyevu, afunge asubiri aone geji inapanda au imetulia, ikitulia hakuna tundu. Ndo apime gramu 980 kwenye mizani. Asikadirie kwa macho, na hiyo R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili inatakiwa iingie ikiwa maji maji, kwa hiyo mitungi mingi inageuzwa kichwa chini. Yule wako alikuwa anaongeza juu ya iliyobaki, saivi humo ndani huwezi kujua kuna kiasi gani.

Filta osha kwa maji na sabuni kidogo, kausha kivulini, rudisha, kila wiki mbili ufanye hivyo maana mko karibu na barabara ya vumbi nadhani. Filta ikiziba upepo haupiti, koili ya ndani inaganda barafu, na fundi mvivu akiona barafu anasema tena gesi.

@Kakaa_wa_Tbt inveta ni nzuri kaka sikatai, ila ukiifunga kwenye chumba chenye tundu la mkono ukutani na madirisha yasiyofunga nayo itakimbia usiku mzima.

Kakaa_wa_Tbt
Nimekuelewa fundi, hapo kwenye tundu sikuwaza.

Ukhti_Maskati
Assalaam alaykum. Mie niko Maskati lakini kwetu Unguja. Huku joto likianza linapita 40 na AC inawaka mchana na usiku kwa miezi, kwa hiyo watu hawangoji iharibike, kabla ya joto kuanza kila mtu anaita fundi anaosha ndani na nje. Shoga ziba hilo tundu leo leo, ile povu ya kupuliza ya kwenye kopo, au hata kitambaa upake simenti. Na madirisha hayo ya vioo, mie kwa mama Unguja nilishona mapazia mawili, la nje zito rangi nyeupe linafungwa kuanzia asubuhi kabla jua halijapiga, kwa sababu joto likishaingia ukutani usiku ndo linatoka na AC ndo inapigana nalo. Nailoni nene ile ya mezani ukiibandika juu ya vioo kwa ndani kipindi cha joto inazuia upepo kabisa, kusi likianza unabandua.

Na muwashieni bi mkubwa pangaboi pamoja na AC. Mtu mzima upepo ukimpitia, 26 anaiona kama 23.

Fundi_Majokofu
Sahihi kabisa ukhti. Pangaboi linavuta kama wati 75, usiku mzima halifiki yuniti moja.

Mwanahita_Njombe
Mimi niongelee hita kwa sababu huku kwetu baridi ndo kila siku. Dada hita ya lita 50 ikiachwa inawaka saa zote inapoteza joto taratibu inawaka tena, inapoteza inawaka, hata kama hakuna aliyeoga. Washa nusu saa au dakika arobaini kabla mama hajaoga, zima. Kuna kitufe cha kuzungusha cha nyuzi joto, wengi wanaacha mwisho kabisa. Weka 60, usishushe chini ya hapo sana maana maji ya uvuguvugu kwenye tangi yanafuga bakteria, ila 75 haina kazi, unapasha alafu unachanganya na baridi.

La pili hayo maji ya chumvi. Ndani kuna koili ya kupasha, chumvi na chokaa zinaigandia kama ganda la yai, ikifikia hapo inachelewa kupasha maji na mwisho inaungua. Na kuna fimbo ya magnesiamu imewekwa humo iliwe na kutu badala ya tangi, kwa maji yenu inaisha haraka. Mwambie fundi bomba azime umeme kwenye breka, akaushe tangi, afungue kile kifuniko cha chini akwangue koili na aiangalie fimbo, ikibaki waya tu ibadilishwe. Mara moja kwa mwaka, kwa maji yako hata mara mbili.

Binti_Kgb
Mrejesho wakuu, samahani nimekaa kimya siku kumi.

Fundi mpya nimempata Temeke, alikuja na pampu na mizani. Alifungua ile nati kubwa akanionesha mdomo wa bomba umepasuka ufa mdogo upande mmoja, wala huuoni mpaka uugeuze kwenye mwanga. Kakata, kafunga upya, vakyumu dakika arobaini tukisubiri tunakunywa chai, kajaza gramu 980. Pamoja na kuosha ndani na nje nimelipa 150,000. Mgongo wa nje vibati vya chini vimeshaliwa, kasema itaenda ila isikae bila kuoshwa. Maji nilinunua ya dawasa madumu mawili kwa jirani.

Tundu nimeziba, nailoni nimebandika, pazia bado ninashona. Hita tunawasha saa kumi na moja na nusu asubuhi na saa kumi na mbili jioni tu.

Nilikuwa naandika mita kila usiku saa tatu na asubuhi saa kumi na mbili, nyumba nzima na friji. Kabla ya matengenezo ilikuwa inakula yuniti 11 mpaka 12. Juzi 6.4, jana 5.9. Tumeweka 26 na pangaboi namba mbili. Usiku wa kwanza nilishtuka kimya kimetokea nje nikajua umeme umekatika, nikaenda kuangalia nikakuta mama amelala na shuka mpaka mabegani, na baada ya dakika chache mashine ikawaka tena yenyewe.

Swali langu la mwisho, mwenye nyumba nimemuonesha risiti anasema matengenezo ni ya mpangaji. Ni sawa?

Kakaa_wa_Tbt
Angalia mkataba wako umeandikaje. Kama AC imo kwenye orodha ya vitu vya nyumba, kuosha filta ni kwako lakini bomba lililopasuka ni lake, muombe akate kwenye kodi ijayo na mkikubaliana muandike.

Fundi_Majokofu
Hongera dada. Hiyo nati mwezi huu wote ipitishie povu kila Jumamosi, ukiona imekaa kavu na safi basi. Na ule mgongo wekea tarehe kwenye kalenda, wiki ya kwanza ya kila mwezi maji matamu, breka imezimwa.