Naomba ushauri: mabaka ya kuwasha baada ya Uviko

Wakuu, habari za humu. Mke wangu aliugua Uviko-19, kipimo kikathibitisha. Homa na kikohozi vimeisha, ila sasa anatokwa na mabaka yaliyovimba, yanawasha balaa. Jioni yako mapajani, asubuhi yamepotea, baadaye yanaibukia mgongoni. Midomo haijavimba na anapumua vizuri.

Anakunywa setirizini (dawa ya mzio) kidonge kimoja usiku na kupaka losheni ya kalamaini ya kutuliza mwasho. Nafuu ni ya saa chache tu. Duka la dawa wanashauri prednisoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe na mzio), lakini ana kisukari na dawa hiyo hupandisha sukari, nimesita. (Shangazi naye kang'ang'ania kujifukiza, wakati joto ndilo linamzidishia mwasho!)

Aliyepatwa na hali hii baada ya Uviko, ilichukua muda gani kuisha? Na setirizini inaweza kuongezwa dozi, au twende moja kwa moja kwa daktari wa ngozi?