Mrejesho: Binti yangu na kujifunza programu

Habari zenu wakubwa. Januari niliuliza hapa binti yangu aanzie wapi kujifunza kuandika programu za kompyuta, maana kamaliza kidato cha nne na yuko nyumbani akisubiri cha tano. Wengi mlisema lugha ya programu iitwayo Python, na CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya chuo cha Harvard, ambayo husomwa bure mtandaoni. Tumefuata yote, kwa kompyuta mpakato ya mtumba.

Ile kozi haianzi na Python. Inaanza na Scratch, lugha ya kuunganisha vipande vya rangi kwenye skrini, kisha lugha ya C, na hapo kwenye C alitoka jasho kwelikweli.

Jioni moja akaniita nione programu ya hesabu za duka letu. Akaingiza soda 5, akaingiza 7, jumla ikaja 57! Hakulala mpaka saa tano usiku. Kumbe Python hupokea kila unachochapa kama maandishi, kwa hiyo ilizibandika tu ubavuni. Alipoweka int(), amri ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili, ikaja 12, akapiga kelele hadi mdogo wake akaamka.

Mliosema asiache hisabati, Mungu awabariki. Juzi kanieleza kwamba orodha ya majina milioni 1 ikishapangwa kialfabeti, kwa kuikata nusu kwa nusu unalipata jina kwa hatua kama 20 tu. Kachagua PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kwa kidato cha tano. Kazi anayoitamani sasa ni uchambuzi wa data.

Anataka pia kujaribu maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, mashindano ya kuandika programu ya wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo kaanza lugha ya C++ inayotumika huko. Aliyewahi kumfundisha kijana C++, naomba anielekeze.