Naomba ushauri: vijana wa tawi letu hawarudi baada ya kuvikwa mshipi

Ndugu zangu mnaolea skauti, hasa mlio hapa Marekani, habari za kazi. Ninajitolea kama mshauri wa tawi la Order of the Arrow, jumuiya ya heshima ya skauti iliyoanzishwa mwaka 1915, ambayo kijana huingia baada ya kuchaguliwa kwa kura na wenzake wa kikosi. Vijana wetu hulala peke yao nje, hushinda kimya wakifanya kazi kwa chakula kidogo, kisha huvikwa mshipi mweupe wa begani wenye mshale mwekundu. Baada ya hapo wengi hatuwaoni tena. Juzi niliona mshipi wa mmoja wao ungali na mikunjo ya siku ile ile, nikaumia, kwa sababu alichimba mifereji ya kambi kwa moyo wote.

Tumewapigia simu wazazi na kubadilisha siku ya mkutano, bila mafanikio. Naomba kuuliza: ni kazi gani ya huduma inayofaa kukabidhiwa kijana mapema, ili ajione anahitajika? Na je, nimwachie mwenyekiti wa tawi, ambaye naye ni kijana, awafuate wenzake, au niendelee kuzungumza na wazazi?