Tsonga, Gasquet au Monfils: kijana wangu amsome nani?

BabaZawadi: Wakuu habari za leo. Kijana wangu anacheza tenisi, sasa kocha kaniambia nimchagulie mchezaji mmoja amsome vizuri, mechi nzima nzima siyo vile vipande vya dakika mbili, halafu na raketi nitakayonunua mwisho wa mwezi iendane na huo mchezo. Mwenyewe kashikwa na Wafaransa, sijui kawatoa wapi. Amebaki na watatu, Jo-Wilfried Tsonga, Richard Gasquet na Gaël Monfils. Nani bora? Nisije nikachoma hela bure.

mlinzi_wa_wavu: Mkuu umetupa swali nusu. Ana miaka mingapi? Bekihendi, ule mpira wa upande wa pili wa mkono wake, anapiga kwa mkono mmoja au miwili? Bajeti je? Hivi ulivyouliza ni kama kumpigia fundi simu akukatie suruali bila kukupima.

Mwana_Goma: Tsonga, na umri sihitaji kuujua. Yule ni ndugu yetu, Mkongo. Australian Open 2008 nusu fainali kampiga Nadal 6-2 6-3 6-2, fainali akamnyang'anya Djokovic seti ya kwanza kabla ya kuzidiwa. Wimbledon 2011 yuko nyuma seti mbili kwa Federer, akageuza yote, na Federer kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, alikuwa hajawahi kufanyiwa hivyo kabla. Toronto 2014 wiki moja tu kawapitia Djokovic, Murray, Dimitrov na Federer. Mataji 18, Gasquet 16, Monfils 13. Mnabishana nini?

chai_ya_maziwa: Mkongo wa wapi wewe? Baba yake wa Kongo Brazzaville, ng'ambo ya mto huko, mcheza handiboli, mama Mfaransa, mwenyewe kazaliwa Le Mans. Kesho mtamdai na Yannick Noah.

Mwana_Goma: Mto ni maji tu, tunavuka. Noah baba yake Mkameruni najua, na ndiye Mfaransa wa mwisho kwa wanaume kubeba Grand Slam kwa mchezo wa mmoja kwa mmoja, Roland-Garros 1983. Hao watatu wote hawakufika hapo, hata Tsonga wangu nakubali.

mkono_mmoja: Gasquet jamani. Mtafutie Wimbledon 2015, robo fainali na Wawrinka, seti ya tano 11-9, bekihendi mbili za mkono mmoja zinajibizana mpaka jua linazama. Mwonyeshe hiyo mechi moja tu atajua mpira unapigwaje. Ila baba uangalie na hili, yule walimweka kwenye jalada la gazeti la tenisi la Ufaransa akiwa na miaka 9, NANE NA MOJA, nchi nzima ikamsubiri. Akafika namba 7 duniani na nusu fainali tatu za Grand Slam, na bado watu wanasema kashindwa!

shangazi_wa_Tanga: Mimi naomba niongelee raketi maana hapo ndipo nilipoumia. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka 12, akampenda mchezaji mmoja wa TV akataka raketi kama yake ileile, nikaingia mtandaoni kwa muuzaji mmoja anauza za mitumba, kanihakikishia kabisa "inamfaa mama, atakua nayo", nikatuma hela, imekuja ni ya mtu mzima, inchi 27, nzito, nyuzi ngumu kama waya wa seng'enge. Mtoto kaona aibu kusema inamshinda, kavumilia, wiki ya tatu kiwiko kimevimba hashiki hata kijiko. Miezi miwili nje. Muuzaji nikimpigia hapokei, na raketi mpaka leo iko juu ya kabati. Muulizeni kwanza huyu baba umri jamani.

mlinzi_wa_wavu: Nimeuliza toka mwanzo.

BabaZawadi: Samahanini nilikuwa kazini. Ana miaka 11, ni wa kike, na anashika raketi mikono miwili pande zote, fohendi na bekihendi.

chai_ya_maziwa: 😂😂 Wa kike, mikono miwili pande zote, anapenda Wafaransa, na hakuna aliyemtaja Marion Bartoli?? Wimbledon 2013 kachukua kombe bila kupoteza hata seti moja, kwa mikono miwili kulia na kushoto. Mwezi uliofuata akastaafu, ana miaka 28. Na aliyemfundisha utotoni ni baba yake, daktari.

mkono_mmoja: Kama ni wa kike basi Amélie Mauresmo, Australian Open na Wimbledon mwaka mmoja, 2006, tena namba moja duniani. Bekihendi ya mkono mmoja.

mlinzi_wa_wavu: Wewe hata ukiulizwa bei ya nyanya utasema mkono mmoja. Mtoto anatumia MIWILI.

Mwana_Goma: Mtoto mwenyewe kachagua watatu, mnamletea watu ambao hakuwataja. Tsonga.

BabaZawadi: Bartoli nimemwonyesha, kasema "sawa" akarudi kwa Monfils. Jioni kaona ile staili ya kuruka na kupiga mpira hewani akapanda kochi na mwiko wa ugali, mama yake kazima TV. Monfils nasikia katangaza 2026 ndio mwisho wake, sijui nimwambie au ninyamaze.

shangazi_wa_Tanga: Usimwambie leo. Inchi ngapi raketi lakini?

mlinzi_wa_wavu: Na bajeti bado hujasema.

chai_ya_maziwa: Kochi limepona?