MRI ya kichwa, mgonjwa hatulii. Mnafanyaje?

Soweto_Moshi
Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi kitengo cha mionzi, mashine yetu tesla 1.5 (nguvu ya sumaku). Naletewa sana watu wa kifafa, fomu imeandikwa "MRI ubongo" basi, sasa nikiongeza NEX (idadi ya kurudia kupima picha ile ile) ili picha isiwe na chenga mtu anachoka, anaanza kujikuna na kugeuza shingo, FLAIR (picha inayozima maji ya ubongo ili vidonda vionekane) yote inatoka mawimbi mawimbi. Nipunguze nini?

Dada_wa_Sakina
Kaka hiyo NEX ndo inakumaliza. Ukitoka 1 kwenda 2 muda unakuwa mara mbili ila signali dhidi ya chenga inapanda kama asilimia 41 tu, na mtu akishatikisika hata hiyo huioni. Jaza sponji pande zote za kichwa ndani ya koili (kile kifaa cha kuzunguka kichwa kinachopokea signali), mzibe masikio vizuri, na kabla ya kila sekwensi (seti moja ya picha) mwambie hii ni dakika ngapi, watu wanavumilia wakijua mwisho upo. Ile unayoihitaji zaidi ipige kwanza. Mashine ikiwa na BLADE au PROPELLER (njia za kupiga zinazopunguza athari za mtikisiko) itumie kwenye T2 (picha ambayo maji yanang'aa), ni tamu kwa wasiotulia.

kijana_njiro
Naongezea, kwa kifafa ILAE (shirika la kimataifa la kifafa) walitoa protokali (orodha ya picha za kupiga) ya HARNESS 2019: T1 (picha ambayo maji ni meusi) ya 3D, FLAIR ya 3D, zote milimita 1 kila upande, na T2 ya koronali (kata inayotenganisha mbele na nyuma) iliyokatwa wima kwenye mhimili wa hipokampasi (sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu), siyo koronali ya kukisia. Ukishakuwa na 3D unakata upande wowote kwenye kompyuta mgonjwa kashaenda zake, kwa hiyo zile aksio (za mlalo), sajito (za ubavu), koronali za T1 moja moja za milimita 5 zinazoruka vidonda vidogo achana nazo. Muda wako umelala hapo.

Dada_wa_Sakina
Na huku kwetu na kitimoto yetu 😅 usisahau tegu wa kichwani (mabuu ya mnyoo wa nguruwe kwenye ubongo). Vifuko vyake vilivyogeuka chokaa T1 na T2 zinavipita hivi hivi, ongeza SWI (picha inayoonyesha chokaa na damu), au daktari aombe CT.

Soweto_Moshi
Asanteni sana. Ila FLAIR ya 3D kwangu inakula dakika 7, nikiweka GRAPPA 2 (kuharakisha mara mbili kwa kupima data pungufu)?

kijana_njiro
Weka, muda unashuka karibu nusu. Signali inapungua kama asilimia 30 au zaidi kidogo, 3D inabeba, ili mradi koili iwe na chaneli (vipokezi) za kutosha. Ukiona chenga zimejaa katikati ya ubongo kuliko pembeni ujue umeizidishia, rudi nyuma.