Mrejesho: mashine ya betri ya kufyonza majani, Mtwara

Wadau, niliwauliza kama mashine ya betri ya kufyonza na kusaga majani itafaa kwenye uwanja wenye mikorosho na miembe. Nimeinunua, na kwa majani makavu inafaa kweli. Jani la mkorosho ni gumu, lakini likikauka vizuri linasagika. Yenye umande hunasa kwenye bomba, hivyo nasubiri jua lipande kwanza.

Shida kubwa ni mchanga wetu huu wa pwani. Ukiufyonza unakula mapanga ya feni, kwa hiyo mdomo nauinua kidogo. Betri huisha haraka ukiweka kasi ya juu; aliyenishauri niwe na ya akiba, ahsante sana.

Majani yaliyosagwa siyachomi tena. Nayatandaza kwenye migomba, yatunze unyevu hadi mvua za Desemba.